Koo sita, majina manne: Letharia na hoja ya kutoharakisha majina

Mwaka 2001 Scott Kroken na John Taylor, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba Letharia, jenasi ndogo ya likeni ambayo vitabu vya wakati huo viliipa spishi mbili tu, ina koo sita zilizokwisha kutengana. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu hapo, na majina rasmi yanayotumika katika jenasi hiyo ni manne. Wapo wanaouona mwendo huo kuwa wa kobe, wakiuliza ni sayansi gani hii inayogundua viumbe na kuviacha bila majina. Mimi naona kinyume chake. Katika uainishaji wa likeni wa kizazi hiki sijaona mfano unaoushinda huu, wa watu waliokuwa na majina tayari mkononi, wakayaweka katika alama za mtajo kuonyesha kwamba ni ya muda na hayajasajiliwa, wakayajaribu kwa njia nyingine, kisha wakasajili yale tu yaliyosimama.

Likeni si mmea, ingawa tangu zamani imekuwa ikihifadhiwa kabati moja na mimea mikavu. Ni kuvu inayoishi na mwani: nyuzi za kuvu hujenga mwili, na seli za mwani wa kijani zilizojipanga chini ya gamba hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Kuvu za namna hii zinakaribia spishi 20,000 duniani, na familia ya Parmeliaceae peke yake ina zaidi ya 2,700. Msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro ameiona familia hiyo bila kutambulishwa, kwa kuwa zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu kwenye matawi ya msitu wa ukungu ni Usnea, mmoja wa ndugu zake wakubwa. Letharia ni ya familia hiyohiyo, ila haifiki kwetu. Katika Afrika imepatikana Moroko tu. Makao yake makuu ni magharibi mwa Amerika Kaskazini, na ng'ambo ya Atlantiki iko Skandinavia, Alps na Kaukasi.

Mtu hahitaji elimu yoyote kuitambua jenasi yenyewe. Ni kichaka kidogo kinachotosha kiganjani, chenye matawi membamba yaliyopindapinda, kimeshika gome la msonobari mkongwe au mti uliokufa ukiwa bado umesimama, na rangi yake ni njano ya kijani, kali kiasi cha kuonekana kutoka mbali. Rangi hiyo inatokana na asidi ya vulpini, ambayo ni sumu. Huko Skandinavia watu waliitwanga likeni hii, wakaichanganya na vioo vilivyosagwa na kuipachika ndani ya mizoga ili kuua mbwa mwitu na mbweha. Watlingit wa pwani ya Alaska waliipata kwa kubadilishana bidhaa na watu wa bara, wakaitumia kutia rangi ya njano katika nyuzi za yale mablanketi yao mashuhuri ya Chilkat. Lakini rangi na sumu ni mali ya jenasi nzima, na kwa hiyo havimfai kitu mtu anayetaka kujua ameshika spishi ipi.

Linnaeus, mwasisi wa mfumo wa majina ya viumbe, aliiita Lichen vulpinus mwaka 1753, katika enzi ambayo likeni zilirundikwa zote katika jenasi moja. Mwanafunzi wake Erik Acharius aliihamishia Evernia mwaka 1810, na Letharia ikapata hadhi ya jenasi mwaka 1892 kwa kalamu ya Alexander Zahlbruckner wa Vienna. Kuhamahama huko ni jambo la kawaida na hakuna haja ya kulikalia. Lenye uzito ni mpaka uliochorwa baadaye ndani ya jenasi, kati ya Letharia vulpina na L. columbiana, kwa kuwa mpaka huo uliegemea namna ya kuzaa. L. columbiana hutoa visahani vya kahawia vinavyorusha spora za kuvu peke yake, na kila spora inayoota lazima itafute mwani wake upya. L. vulpina kwa kawaida haina visahani. Matawi yake yamejaa chembechembe ndogo, kila chembe ikiwa na nyuzi za kuvu zilizofumbata seli za mwani, hivyo ikibanduka na kutua pazuri inaanza maisha na mwenzi wake tayari. Josef Poelt, mtaalamu wa likeni, katika miaka ya 1970 aliieneza fikra ya jozi za spishi: mmoja mzazi mwenye kuzaa kwa spora, na mwingine aliyetokana naye na kuziacha spora. Ilikuwa fikra nyepesi kutumika. Mtu alichukua lenzi ya kukuza mara kumi, akatazama tawi, akaona visahani au chembe, akaandika jina na kufunga bahasha ya kielelezo.

Kroken na Taylor hawakuanza na visahani. Walichukua sehemu 12 za vinasaba na kujenga mti wa ukoo wa kila sehemu peke yake. Mantiki ya kazi hiyo inafaa kuelezwa polepole, maana hapo ndipo hoja yote iliposimama. Ndani ya kundi la viumbe wanaozaliana, vinasaba huchanganywa kila kizazi, kwa hiyo mti wa sehemu moja utasema kwamba kiumbe wa kwanza ni ndugu wa wa pili, na mti wa sehemu nyingine utasema kwamba ni ndugu wa wa tatu. Miti hiyo inapingana, na kupingana kwake ndiyo dalili ya kuzaliana. Makundi mawili yakikaa muda mrefu bila kuchanganyika, miti yote huanza kusema neno moja kuhusu nani ni wa upande gani. Pale ambapo mabishano ya miti yanakoma na makubaliano yanaanza ndipo mpaka wa spishi unapowekwa. Kwa kipimo hicho L. columbiana iligawanyika koo nne, zilizoitwa 'lucida', 'gracilis', 'rugosa' na 'barbata', na L. vulpina ikagawanyika mbili, 'vulpina' yenyewe na 'lupina'. Ile jozi ya mzazi na mtoto ikavunjika, kwa sababu hakukuwa tena na mzazi mmoja wala mtoto mmoja.

Siku hiyohiyo wangeweza kuandika maelezo mafupi kwa kila ukoo, kwa Kilatini kama ilivyotakiwa wakati huo, wakateua vielelezo, na jenasi ikawa na spishi sita. Kanuni za majina zisingewazuia. Kanuni hizo hazimuulizi mtu ana ushahidi kiasi gani kwamba spishi yake ipo. Zinamuuliza kama maelezo yamechapishwa ipasavyo na kama kielelezo kimewekwa katika hifadhi inayojulikana. Uzito wa ushahidi umeachiwa dhamiri ya mwandishi na subira ya wenzake, na mtu yeyote aliyefuatilia fani hii anajua ni mara ngapi dhamiri hiyo imeridhika na kipande kimoja cha vinasaba kutoka sampuli chache. Letharia ilikuwa na vipande 12, na bado majina mapya yakabaki katika alama za mtajo.

Jina la kwanza kutoka katika alama hizo lilikuwa L. gracilis, lililosajiliwa mwaka 2009 kwa likeni ya California na Oregon na Bruce McCune pamoja na Susanne Altermann. Baadaye ikaja kazi ambayo kwangu ndiyo kiini cha mjadala huu. Mwaka 2014 Altermann, Steven Leavitt, Trevor Goward na wenzao walichukua data zilezile za tafiti tatu zilizotangulia na kuzipitisha katika programu mbili ambazo hazianzi na makundi yaliyokwisha kuamuliwa, bali zinaachwa zitafute makundi zenyewe. Programu ya kwanza kwa jumla ilirudisha koo sita. Mwandishi mwenye haraka angeishia hapo na kutangaza kwamba matokeo ya 2001 yamethibitishwa. Wao waliendelea kueleza kwamba programu ya pili, pamoja na kipimo kimoja cha ziada cha ile ya kwanza, vinaruhusu makundi machache kuliko sita. Kwamba huenda tofauti hiyo inasababishwa na sampuli kuwa nyingi kwa ukoo mmoja na chache kwa mwingine. Na kwamba yaliyojitenga bila kuyumba, kila yalipopimwa, ni 'lupina', vulpina na 'lucida'. Kuhusu sehemu nyingine ya ile L. columbiana ya zamani walisema tu kwamba kazi zaidi inahitajika.

Tofauti kati ya kazi hizi mbili si kwamba moja ni sahihi na nyingine ni ya makosa. Ya kwanza iliuliza kama miti ya vinasaba inakubaliana. Ya pili iliuliza kama makundi yangeonekana hata kama hakuna mtu aliyeyataja mapema. Kundi linalopita maswali yote mawili lina haki ya jina kuliko kundi linalopita moja. Mwaka 2016 Altermann, Leavitt na Goward walifanya kama hoja hiyo inavyodai: wakaisajili L. lupina na kuichora upya mipaka ya L. columbiana, bila kujihisi wana deni la kumalizia hesabu ya sita.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la watu wa hifadhi za vielelezo, nalo ni la haki. Wanasema kwamba L. lupina na L. vulpina zote zina chembechembe, zote zina rangi ileile, na tofauti za umbo zilizotajwa ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye bahasha 500 za karne iliyopita hawezi kuzitenganisha kwa uhakika bila maabara. Jina lisilotumika mezani lina faida gani? Jibu langu ni kwamba ugumu wa kutambua ni tatizo la mtambuaji, na spishi haikuahidi kumrahisishia mtu kazi. Zaidi ya hapo, tofauti kati ya hizi mbili haiko katika vinasaba vya kuvu pekee. Mwaka 2000, kabla ya ile kazi ya koo sita, Kroken na Taylor walikuwa wamechunguza mwani wa Trebouxia unaoishi ndani ya Letharia, wakakuta kwamba nao ni zaidi ya spishi moja na kwamba kuvu hazijishikizi kwa mwani wowote uliopo. Ukoo unaojitenga kwa vinasaba, ukawa na mwenzi wake unaomchagua na tofauti japo ndogo za umbo, una sababu za kutosha za kusimama peke yake. Bahasha za zamani ziandikwe L. vulpina kwa maana pana, na mtafiti atakayezihitaji atazipima. Hiyo ni kazi, lakini hifadhi zimewekwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo.

Ninakubaliana na watu hao katika jambo moja. Kipimo cha vinasaba kisigeuzwe kuwa hakimu wa peke yake kwa sababu tu macho yameshindwa. Mfano uko Ulaya. Mwaka 2002 Nils Högberg na Göran Thor, pamoja na Kroken na Taylor, walichunguza L. vulpina ya Ulaya na kukuta tofauti chache mno za vinasaba, hali iliyowaelekeza kwenye hoja kwamba asili yake ni Amerika Kaskazini na kwamba huku Ulaya inajieneza kwa chembe, si kwa kupandana. Utafiti wa baadaye uliochapishwa mwaka 2021 na Sandra Lorena Ament-Velásquez, Hanna Johannesson na wenzao uliimarisha picha hiyo. Kuvu za Letharia zina aina mbili za kupandana, na spora haziwezi kuzaliwa mpaka aina zote mbili zikutane. Amerika Kaskazini aina hizo zinakaribia kulingana kwa idadi. Ulaya aina moja imeizidi nyingine mno.

Mtu anayependa kugawanya angeweza kusema hapa kwamba kuna spishi mbili, ya Amerika inayopandana na ya Ulaya isiyopandana. Itakuwa ni kurudia kosa lilelile la jozi, safari hii kwa vifaa vya gharama zaidi. Kundi lililovuka bahari likiwa dogo na kumkosa mwenzi wa kupandana naye halijawa spishi nyingine kwa kumkosa; siku aina ya pili ikifika, hakuna ushahidi kwamba kuvu hizo zitakataana. Wenzetu wa uhifadhi nchini Sweden, ambako likeni hii imo katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini, wana sababu nzuri ya kuilinda misonobari mikongwe inayoibeba, na hawahitaji jina jipya kufanya hivyo. Kinachotakiwa kulindwa pale ni idadi ya likeni za ukoo huo na uwezekano wa aina zote mbili kubaki. Spishi ikitangazwa ili kuipa sheria nguvu, sheria itakuja kudhoofika siku spishi hiyo itakapofutwa.

Utafiti huo wa 2021 una jambo jingine ambalo ningependa kila mwenye haraka alisome mara mbili. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba kuvu ya likeni ina seti moja tu ya kromosomu. Kisha uchunguzi wa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote kwa pamoja, ukaleta ishara ya seti tatu katika Letharia, na ikawa kama msingi wote umetikisika. Ament-Velásquez na wenzake walilinganisha sampuli mbili za L. lupina: kuvu iliyooteshwa peke yake maabara kutokana na spora moja, na mwili mzima wa likeni uliochukuliwa porini. Ile ya maabara ilikuwa na seti moja, kama ilivyofundishwa siku zote. Ule wa porini ulionyesha dalili za seti tatu, na waandishi wakatoa ushahidi kwamba miili ya namna hiyo ni machotara, wenye damu ya L. lupina na ya ukoo mwingine wa Letharia ambao haujulikani.

Tuchukue kwamba majina sita yangekuwa yamesajiliwa mwaka 2001. Sampuli chotara ingepewa jina gani, na zile ambazo tayari zilikuwa zimepewa jina kwa kutazama sehemu moja ya vinasaba zingehesabiwa vipi? Jina lililosajiliwa haliondoki kirahisi. Hata likithibitika kuwa batili linabaki katika orodha za visawe, katika ripoti za uhifadhi na katika hazina za data, na kizazi kinachofuata kinalipa gharama ya kulifukuza. Alama za mtajo hazina gharama hiyo. Zinatosha kumwambia msomaji kwamba kitu kimeonekana, kina mahali pa kurejelewa, na bado kinachunguzwa.

Lipo pia suala la nani hasa anapewa jina. Kwa kanuni, jina la likeni ni la kuvu kuu iliyomo ndani yake; mwani una jina lake. Kanuni hiyo ni nzuri na singetaka ibadilishwe, ila inasahaulisha kwamba tunachokiona kwa macho ni kazi ya wengi. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha katika likeni za Bryoria kwamba majina mawili, B. fremontii na B. tortuosa, yalikuwa yametolewa kwa kuvu ambayo vinasaba vyake havikutofautiana, na kwamba wingi wa asidi ya vulpini uliozitenganisha kwa rangi uliendana na wingi wa hamira ya kundi jingine kabisa la kuvu iliyokaa katika gamba. Mwaka 2019 Veera Tuovinen na wenzake walizikuta kuvu mbili za kundi hilo katika gamba la Letharia, moja ikiwa ni Tremella na nyingine Cyphobasidium. Baada ya hapo, mtu anayesema kwamba ukoo fulani una gamba lenye mikunjo zaidi au rangi iliyofifia, na kutaka upewe jina kwa sababu hiyo, ana wajibu wa kuonyesha kwamba sifa hiyo ni ya kuvu anayoipa jina na si ya mgeni wake.

Kwa 'barbata' na 'rugosa', basi, njia inajulikana. Zikusanywe mahali zinapoota pamoja, msonobari kwa msonobari, kwa sababu koo mbili zinazokaa mti mmoja bila kuchanganyika zina ushahidi mzito kuliko koo mbili zilizotenganishwa na safu ya milima. Idadi ya sampuli isawazishwe baina ya koo, kasoro iliyotajwa mwaka 2014 ikome. Kuvu zioteshwe kutokana na spora moja moja kabla ya jenomu kusomwa, ili machotara wasihesabiwe kuwa ukoo. Na mpaka kazi hiyo ifanyike, karatasi ya kielelezo iendelee kuandikwa L. columbiana kwa maana pana, na chini yake jina la ukoo katika alama za mtajo pamoja na namba ya sampuli ya vinasaba.